Aliyeonwa na Evaristi

Evaristi alipoingia, Mkuu wa Chuo alikuwa ameshachora safu tatu ubaoni, na safu ya chuo chao ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote. Alivua kofia, akabaki karibu na mlango kwa sababu gambuti zake zilikuwa na tope na majani mabichi, na hakuna mtu aliyemwambia akae.

"Tumekusubiri, Mzee Evaristi. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafyeka golini, Mkuu. Kwa mvua hii nyasi hazingoji mtu."

Mwalimu mmoja alicheka chini chini. Mkuu, Mwalimu Cornelius, hakucheka. Aliishika kalamu ya ubao kama anayetaka kumchoma mtu nayo.

Safu ya kwanza ilikuwa ya Nyota, chuo cha biashara, majina tisa. Ya pili ya Muungano, chuo cha afya, majina sita. Ya tatu ilikuwa ya Mtakuja, chuo cha ualimu, ambacho Evaristi alikuwa amekitumikia miaka kumi na minne akifyeka uwanja wake na kuupiga chokaa. Ilikuwa na majina mawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa kipa wa akiba.

"Vyuo vitatu, mji mmoja, ligi moja," Mkuu alisema, akigonga ubao safu baada ya safu. "Usajili unafungwa baada ya wiki mbili. Nyota wamepata mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji wawili. Muungano wana winga ambaye Sumbawanga nzima inamzungumzia. Sisi tuna nini? Kila mwaka chuo kinakupa nauli uende vijijini ututafutie vijana. Hebu tueleze, huko huwa unakwenda kutafuta nini?"

Evaristi aliyasoma majina ya Nyota toka juu hadi chini, kisha akayasoma tena. Saba kati ya wale tisa aliwajua pamoja na mashamba yao, mama zao na mbwa wao.

"Saba kati ya hao niliwaona mimi, Mkuu."

"Kama uliwaona wewe, mbona wako kwenye safu ya Nyota?"

Safari hii walicheka wote. Evaristi aliivaa kofia yake. Alitoka mle na amri moja: alete mshambuliaji mmoja kabla usajili haujafungwa. Akishindwa, kazi ya kutafuta wachezaji atapewa mwalimu wa michezo mwenye shahada yake, na yeye abaki na fyekeo. Alirudi uwanjani akafyeka lile goli mpaka udongo ukaonekana.

Inafaa ieleweke kazi hiyo aliifanyaje, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Evaristi hakuwa kocha. Hata mpira wenyewe aliuacha darasa la saba. Wala hakutafuta wachezaji viwanjani. Viwanjani, alisema, kila kijana anajua kuwa anatazamwa, na anayejua hivyo atakudanganya kwa madoido. Yeye alikwenda mashambani, mwezi wa pili na wa tatu, wakati Ufipa yote imeinama ikipiga ntumba, yale matuta ya duara ambamo nyasi hugeuzwa na kufukiwa zioze, na juu yake hupandwa maharage. Aliketi ukingoni mwa shamba akanyamaza saa mbili, saa tatu. Alitazama kijana anasimamaje kwenye mteremko unaoteleza, mguu upi unabeba mwili, anageukaje na jembe bila kuharibu tuta alilolimaliza. Zaidi ya yote alingoja aitwe. Mama akipaza sauti toka upande wa pili, kijana anakuja vipi? Wengi huyazunguka matuta. Wavivu huyakanyaga. Mara moja moja hutokea mmoja anayekuja mbio katikati ya matuta, macho yako kwa mama yake, na asiliguse hata moja. Huyo alikuwa mchezaji, hata kama hajawahi kuvaa njumu.

Akimpata wa namna hiyo, alimwendea mzazi akasema neno moja: "Nimemwona." Basi. Neno hilo lilikuwa limeota mizizi huko, kuanzia Matai hadi ng'ambo ya Msanzi. Mzazi hakusema mwanangu amechaguliwa, alisema mwanangu ameonwa. Wasichana walimuulizia aliyeonwa, na wenye maduka walimkopesha. Na katika miaka kumi na minne hakuna hata mmoja aliyeonwa na Evaristi akarudishwa nyumbani kwa kutojua mpira. Hakuwa na mengi ya kujivunia, mtu wa watu, na hilo lilikuwa kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

Meshack alikuwa mmoja wa walioonwa. Evaristi alimtoa shambani akiwa hana hata ndala, akamleta Mtakuja, akampigia magoti Mkuu aliyekuwapo ili apewe kitanda. Kijana alicheza vizuri, akamaliza, akaondoka. Sasa alikuwa kocha wa Nyota kwa mwaka wa tatu, anaendesha gari jeupe la chuo, na kila alikorudi Evaristi na fomu kumchukua aliyemwona, Nyota walikuwa wameshavuna. Kwamba anatanguliwa, Evaristi alilijua. Kwa vipi, hakujua.

Siku tatu baada ya kikao alishuka Msanzi, akatembea saa nzima hadi kijiji kilichokuwa juu ya kilima, kumtafuta mjane mmoja aitwaye Epifania. Mwanawe, Leonsi, alikuwa amemaliza kidato cha nne akafaulu vizuri, na habari za miguu yake zilikuwa zimefika mjini nusu nusu. Epifania alimkuta njiani, akamzuia kwa mkono kabla hajafika shambani.

"Kaka Evaristi, karibu nyumbani, lakini shambani kwangu usikae. Ukikaa tu, mwanangu umempeleka Nyota."

"Nimempeleka mimi? Kwa vipi, mama Leonsi?"

"Kwa kukaa kwako. Yule kijana wa gari jeupe hatazami mtu yeyote. Anakuja siku mbili tatu baada yako, anasimama pale kwa muuza vocha, anauliza, mzee alikaa shamba la nani? Wanamwonyesha. Anaingia kwa mzazi na viatu vipya na fomu, anasema Evaristi amemwona mwanao, mimi nimekuja kumchukua." Alimtazama vizuri. "Kwani hukujua? Sisi tulidhani mnafanya kazi pamoja."

Evaristi alisimama pale njiani, mvua nyepesi ikimwangukia, asijisikie kulowa. Miaka mitatu. Miaka mitatu yeye anakaa juani na mvuani, mgongo unamuuma, na kijana aliyemtoa kwenye tope mwenyewe anakuja na gari kuokota. Alikuwa ametumika kama mbwa wa kuwinda, na mbwa angalau hutupiwa mfupa. Aliwaza Mkuu na ubao wake, aliwaza wale walimu na kicheko chao.

"Mimi nataka Leonsi awe mwalimu," mama yule alisema taratibu. "Biashara atafanya ya nini, mtu asiye na duka? Njoo jikoni. Ukimtazama kutoka jikoni nani atajua?"

Basi alimtazama kupitia upenyo wa ukuta wa jiko, moshi ukimwingia machoni. Epifania alitoka mlangoni akamwita mwanawe aje anywe togwa. Leonsi aliangusha jembe akaja. Kati yake na nyumba kulikuwa na matuta kama arobaini, udongo umelowa, na kijana alishuka katikati yake mbio, anacheka na mdogo wake aliyekuwa akimtania toka uani, na hakutazama chini hata mara moja. Evaristi alifuta machozi ya moshi. Fomu iliandikwa pale pale juu ya kinu kilichopinduliwa, Leonsi akatia sahihi yake, Epifania akatia yake kwa herufi kubwa kubwa, wakakubaliana kijana apande gari la mjini keshokutwa alfajiri.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Fomu iko mfukoni, gari la kurudi litapita Msanzi saa nane. Mtu mwenye akili zake angeshukuru Mungu akaondoka, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Evaristi hakuwa na akili zake siku ile. Alitaka Meshack aumie. Alitaka aumie mbele ya watu, kama alivyoumizwa yeye.

Alitembea hadi upande wa barabara, karibu kabisa na muuza vocha, kwenye shamba la Beda. Beda alikuwa mtu mpole, mkulima hodari, mwenye mtoto mmoja wa kiume aitwaye Vicent, na Vicent kwa mpira alikuwa bure kabisa. Kila mtu alilijua hilo, pamoja na Evaristi, aliyekuwa amewahi kumwona akipiga shuti likaenda nyuma. Siku hiyo kijana alikuwa akipiga matuta ya mwisho ya msimu kwa namna ya mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Evaristi alivuta gogo, akaliweka mahali ambapo hata kipofu angemwona, akaketi.

Vicent alimwona baada ya dakika tano. Aliacha jembe, akalishika tena, akaanza kulima kwa nguvu ambazo shamba lile halikuwahi kuziona. Nyasi zilipaa. Aliruka tuta bila sababu, akaanguka, akainuka, akaruka jingine. Kwa muuza vocha watu walianza kusimama. Mama yake alileta ugali wa ulezi na maharage, akapiga goti kumnawisha mgeni. Evaristi alikula. Hilo la kula ndilo baadaye lililokataa kushuka.

Alikaa saa mbili, anaitazama barabara. Alipoinuka, Beda alimjia akiwa amevua kofia, mtu wa rika lake, anapangusa mikono kwenye suruali.

"Ndugu yangu," Beda alisema, sauti imeshuka kabisa. "Umemwona?"

Alikuwa na nafasi pale. Angeweza kusema alipumzika tu, miguu inauma. Lakini pembeni alipaona pale kwa muuza vocha, ambapo gari jeupe husimama.

"Nimemwona," alisema. Na kwa macho, kweli alikuwa amemwona.

Beda aliushika mkono wa Evaristi kwa mikono yake yote miwili, akaung'ang'ania muda mrefu kupita inavyotakiwa.

Mambo yalikwenda kama yalivyopangwa, tena upesi. Leonsi alifika Mtakuja Ijumaa. Jumamosi gari jeupe lilikuwa kwa Beda, na Jumatatu Nyota walitangaza jina la kumi kwenye kundi la simu la Ligi ya Vyuo, picha ikimwonyesha Vicent ameshika jezi namba tisa, anatabasamu hadi magego. Watu walichambua vikosi vya vyuo vitatu, safu kwa safu, nani kasajili vizuri, nani kabahatisha. Nyota walipewa ubingwa kabla ligi haijaanza.

Kisha mazoezi yakaanza. Siku ya kwanza Vicent aliupiga mpira mgongoni mwa Meshack mwenyewe. Siku ya pili alijifunga. Siku ya tatu wanafunzi wa vyuo vingine walikuwa wakija uzioni na karanga kutazama. Stori zilimfikia Evaristi kwenye kibanda cha chai, akacheka mpaka akashika meza, akaomba zirudiwe. Upande wa Mtakuja, Leonsi aliwafunga Muungano mabao matatu katika mechi ya kirafiki, na Mkuu Cornelius alishuka uwanjani na viatu vyake vya ofisini kuja kumpa Evaristi mkono. Ubaoni, alisema, safu fupi imeshinda safu ndefu. Evaristi alilala usingizi mzuri wiki nzima, na mimi simlaumu kwa wiki hiyo, alikuwa ameingoja muda mrefu.

Wiki ya pili Meshack alikuja. Hakuja na gari. Alivuka uwanja kwa miguu wakati Evaristi akinyoosha kamba ya kupigia mstari, akasimama juu ya kamba yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toka juu ya kamba."

"Umenichezea, mzee. Umenichezea mchezo mchafu."

"Mimi?" Evaristi aliiachia ndoo ya chokaa. Alikuwa ameyangoja maneno haya, na sasa yakamtoka yote. "Mimi nimekwambia nini? Nimekuja kwako nikakwambia mchukue Vicent? Nani alikwambia ufuate mahali ninapoweka makalio yangu? Nimekutoa kwa baba yako huna kiatu, Meshack. Nimekulisha kwa mke wangu. Ungekuja ukaniambia, mzee, nina njaa na mimi, nigawie kidogo, ningekunyima? Umenila miaka mitatu. Nimesimama mbele ya wasomi nikachekwa kwa ajili yako. Leo umekanyaga tope mara moja tu, unakuja kunilaumu."

Meshack alitazama chini. Kwa muda alionekana kama yule wa zamani, asiye na ndala.

"Nilikosa, mzee. Sikatai," alisema. "Lakini mimi na wewe tulikuwa na yetu. Yule mtoto alikuwa na nini na sisi?"

"Si umrudishe kwao."

"Nimemwondoa tangu Jumatano. Chuo kimemnyang'anya kitanda. Nimempa nauli mwenyewe, hataki kwenda. Yuko stendi anapakia magunia, analala kwenye ghala la mahindi." Meshack alishuka kwenye kamba. "Nilimwambia ukweli, mpira si wako, kijana. Unajua alinijibu nini? Aliniambia, mzee Evaristi aliniona, nyinyi ndio hamjui kutazama."

Aliondoka bila kuaga. Evaristi aliokota ndoo, akaanza kumwaga chokaa kufuata kamba, na mstari ule ulitoka umepinda, akalazimika kuufuta kwa mguu na kuanza upya. Alikuwa bado na hasira. Tatizo ni kwamba sasa hakujua aitupe upande gani.

Asubuhi yake alikwenda stendi. Hakuhitaji kutafuta sana. Vicent alikuwa juu ya keria la basi la Namanyere, anapokea magunia ya ulezi, jezi namba tisa ya Nyota imechanika begani. Alipomwona Evaristi aliruka chini, akainama kusalimia, uso unang'aa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za huku?"

"Nzuri, baba. Nafanya mazoezi peke yangu alfajiri, pale nyuma ya soko. Mguu wa kushoto umeanza kukubali." Alishusha sauti. "Nyumbani sijawaambia kitu. Baba akijua ataumia. Nikishapata timu nyingine ndipo nitasema. Na wewe ikitokea nafasi Mtakuja, usinisahau."

Evaristi alisema atamkumbuka. Alisema hivyo, mtu mzima, akapita kati ya mabasi huku anajitukana kwa Kifipa kwa sauti ya kusikika, mpaka kondakta mmoja akamuuliza kama ameibiwa. Akapanda gari la Matai, lile lipitalo Msanzi. Njiani aliyapanga maneno yake. Beda, nilikudanganya. Beda, sikumwona mwanao, nilikuwa natega mtu. Aliyapanga na kuyapangua, kila mara yanatoka mabaya zaidi, na akaona ni sawa, acha yawe mabaya. Heri Beda amtukane. Heri ampige.

Mwezi wa nne ulikuwa umeingia na mvua zilikuwa zinaaga. Maharage yalikuwa yamechanua kila mahali, meupe na zambarau, juu ya kila tuta kutoka barabarani hadi kileleni. Kila mahali isipokuwa kwa Beda. Pale karibu na muuza vocha shamba lilikuwa na doa kubwa la udongo mtupu. Evaristi alidhani maradhi ya mimea. Alipokaribia aliona mashina ya maharage yamelundikwa pembeni, maua bado yako juu yake, na Beda, shati amelivua, anaipasua ntumba nyingine kwa jembe na kuusambaza udongo wake uwe tambarare. Nguzo mbili za mti wa mlingoti zilikuwa zimeshasimikwa kama za goli, na ya tatu imefungwa juu yake kwa kamba za katani.

"Ndugu yangu," Beda aliita kabla hajafikiwa. "Umekuja wakati wake. Watoto wa hapa hawana pa kuchezea, wanacheza barabarani. Nikasema, kama shamba hili limetoa mmoja, halishindwi kutoa mwingine. Mama Vicent amenuna kidogo kwa ajili ya maharage. Nimemwambia mwaka mmoja hatutakufa."

Evaristi alisimama kwenye udongo ule uliosambazwa. Kwa mkulima wa huko, ntumba moja ni nusu saa ya mgongo, na pale zilikuwa zimevunjwa kama mia moja na ishirini, na nyasi zilizofukiwa zikawa nje, nusu zimeoza, zinanuka.

"Acha jembe, Beda."

"Nimalizie hii."

"Acha. Nina neno."

Akalisema. Hakuliremba, hakumtaja Meshack zaidi ya ilivyobidi. Alisema siku ile alikaa pale ili aonekane toka barabarani. Alisema mwanawe hakuwa na mguu wa mpira, na alilijua tangu zamani. Alisema, niliposema nimemwona, nilijua utasikia nini, nikasema makusudi. Alisema Vicent ameondolewa chuoni, yuko stendi, mzima wa afya, anabeba magunia, na anaona aibu kurudi.

Beda alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mpini wa jembe. Jasho lilimtiririka kifuani. Mkewe alikuwa ametoka mlangoni, akasimama na kikapu, na kwa umbali ule hakuna alilosikia. Alimpungia mgeni mkono.

"Nipige," Evaristi alisema. "Nitukane basi, Beda. Sema kitu."

Beda alitazama nguzo zake.

"Penalti," alisema, na sauti haikuwa yake. "Kutoka golini ni hatua ngapi?"

"Beda."

"Nimekuuliza. Wewe si ndiye unayejua?"

"Kumi na mbili," Evaristi alisema.

Beda aliliweka jembe begani. Alikwenda akasimama katikati ya zile nguzo, akalipa goli mgongo, akaanza kuhesabu kwa sauti, hatua ndefu za mtu aliyezoea kupima shamba. Moja. Mbili. Tatu. Alipita mbele ya Evaristi bila kumtazama. Ya tisa ilimfikisha pale udongo tambarare ulipokoma, na mbele yake likasimama tuta zima, refu hadi magotini, maharage yake yamechanua yote, nyuki wako kazini. Hatua tatu zilikuwa zimebaki. Beda akainua jembe kulipasua.